Nyuki wa Kununua

Ndugu wasomaji, wale waliofika kwenye kijishamba chetu kiangazi kilichopita watakumbuka sanduku la mbao lililokaa kwenye kona ya mwisho, nyuma ya mahindi, na kamba tuliyoizungushia ili watoto wasilisogelee. Wengi mmekuwa mkituuliza habari zake, nasi tumekuwa tukijibu kwa mkato: "Wapo." Leo tunajaribu kujibu vizuri, na kwa kuwa habari ya nyuki haisemeki bila ya historia yake, tunaomba mtuvumilie tukipita mbali kidogo.

Tulikuwa watu wanne kutoka familia tatu, na shamba moja dogo la kukodi kutoka halmashauri, hapa kusini mwa London. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufuga nyuki. Wakati wa baridi tulihudhuria darasa la jioni, tukaazima vitabu, tukaandika barua ya kuomba ruhusa (maana huwezi kuweka mzinga kwenye shamba la namna hii bila idhini, na jirani ana haki ya kulalamika), na mwezi wa Mei tukaenda kuchukua kikundi cha nyuki cha fremu tano, tulichokilipia zaidi ya pauni 200.

Mzee wetu mmoja, mwenyeji wa Sikonge mkoani Tabora, ambaye sote tunamwita Baba ingawa hakumzaa yeyote kati yetu, aliposikia bei hiyo alicheka mpaka akashika ukuta. "Nyuki mmenunua? Basi kesho mtanunua na upepo."

Tulidhani anatania. Baadaye tulielewa kwamba alikuwa amesema jambo zito la historia bila ya kukusudia. Kwao Unyamwezi mtu hamiliki nyuki, anamiliki mizinga. Marehemu baba yake alikuwa nayo zaidi ya mia, na hakupata kununua nyuki hata mmoja. Gome la mti wa myombo huchunwa likiwa zima kama mkono wa shati, likabanwa tena kwa vijiti, ncha zake zikazibwa, kisha mzinga ukatundikwa juu kabisa mtini. Kuutundika juu si urembo. Chini kuna nyegere, ambaye ngozi yake haijali miiba ya nyuki, na kuna siafu. Baada ya hapo mwenye mzinga huenda zake. Nyuki wakipenda wataingia, wasipopenda mzinga utabaki mtupu hadi msimu mwingine. Na hata wakiingia, ukame ukizidi au wakisumbuliwa mno, huondoka wote, malkia na watu wake, wakaacha masega matupu. Kwa hiyo mtu mwenye busara hutundika mizinga mingi, akategemea kwamba baadhi itapata wageni.

Mfumo huo si wa mchezo. Misitu ya miombo ya Tabora na majirani zake imetoa asali na nta kwa vizazi vingi. Asali ililiwa na ikatengenezewa pombe ya wanzuki, na nta ikaja kuwa mali ya biashara ya mbali. Reli ya Wajerumani ilipofika Tabora mwaka 1912 njia ya pwani ikawa fupi, na katika enzi zote mbili za ukoloni, ya Wajerumani na ya Waingereza, nta ya Tanganyika ilisafirishwa kwenda Ulaya kutengenezewa mishumaa, dawa ya kung'arishia samani na vipodozi. Baba anakumbuka vipande vya nta vya mviringo, vyenye umbo la sufuria iliyoyeyushiwa, vikipangwa kama mikate ghalani. Wala hatutaki kusifu kila kitu kwa kuwa ni cha kwetu: mti uliochunwa gome lote hufa, na mizinga mia ni miti mingi. Ndiyo maana Kenya ilipata mzinga wake wa viunzi vya juu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Tanzania ikatunga sera ya ufugaji nyuki mwaka 1998 na sheria yake mwaka 2002, na maafisa wakawa wanahimiza mizinga ya masanduku. Baba aliwahi kuwasikia maafisa wa namna hiyo zamani. Anasema walikuwa watu wazuri, ila hawakuwahi kulala porini.

Sasa, kwa nini Mzungu ananunua nyuki na Mnyamwezi anawasubiri? Jibu kubwa ni baridi. Nyuki wa Afrika na nyuki wa Ulaya ni aina moja, wanaweza kuzaliana, lakini wameishi chini ya sheria mbili tofauti. Huku, nyuki asiyeweka akiba hafiki Machi. Kundi moja Uingereza linahitaji kama kilo 18 au 20 za asali kuvuka msimu wa baridi, na wakati wote huo haliwezi kwenda popote, kwa kuwa nje hakuna ua. Limefungwa kwake. Nyuki wa namna hiyo anaweza kuhesabiwa, kurithiwa na kuuzwa sokoni.

Na kwa muda mrefu aliuawa pia. Kwa karne nyingi Waingereza walifuga nyuki ndani ya vikapu vya majani makavu vilivyosukwa kama kawa lililopinduliwa. Masega yalishikamana na kikapu, hivyo hakukuwa na njia ya kutazama ndani bila ya kuvunja. Ukitaka asali, ulichagua vikapu vizito, ukachimba shimo, ukawasha kiberiti cha unga na kuweka kikapu juu yake mpaka kila nyuki akafa. Tuliposoma habari hiyo darasani, mmoja wetu ambaye kwao Pemba walikuwa wakirina usiku kwa mwenge wa makuti, alisema kwa sauti, "Halafu sisi ndio tuliambiwa hatujui kufuga."

Aliyeubadilisha mchezo huo ni mchungaji wa kanisa, Mmarekani, jina lake Lorenzo Langstroth. Mwaka 1851 aligundua kwamba nyuki wakiachiwa nafasi ya kiasi cha milimita 6 hadi 9 hawaizibi. Ikiwa nyembamba zaidi wanaitia gundi, ikiwa pana zaidi wanajenga sega, lakini nafasi hiyo huiacha wazi iwe njia yao ya kupitia. Basi akatengeneza sanduku lenye fremu zinazoning'inia, kila moja ikiwa na nafasi hiyo pande zote, na mtu aliweza kuinua sega moja, kulitazama na kulirudisha, bila kumwaga tone. Hataza yake ilitoka Oktoba 1852, kitabu chake mwaka uliofuata. Utajiri hakuuona, kwa sababu watu waliiga sanduku lake bila kumlipa. Lakini mzinga wetu ule nyuma ya mahindi, ingawa ni wa aina ya Kiingereza, ni mjukuu wake.

Na hapo ndipo balaa letu lilipoanzia. Mzinga unaofunguka unamshawishi mtu aufungue.

Vitabu vyote vilituambia tutazame mara moja kwa wiki. Sisi tulikuwa tukienda kila baada ya siku mbili tatu, kila mmoja na mgeni wake. Tulivaa mavazi meupe, tukapuliza moshi mwingi kupita kiasi, tukainua fremu moja moja na kuonyeshana: hii chavua, haya majana, hii asali iliyofunikwa, na huyo pale, mrefu, mwenye alama ya rangi mgongoni, ndiye malkia. Tukapiga picha. Mwishoni mwa Mei tulifanya hivyo jioni moja yenye upepo, fremu mbili zikagongana mikononi mwetu, tukafunga haraka kwa kuwa nyuki walianza kukasirika na mmoja wetu alikuwa amedungwa karibu na jicho.

Siku kumi baadaye tulifungua tukakuta hakuna yai hata moja. Malkia hakuwapo. Katikati ya masega mawili kulikuwa na vyumba vitatu virefu vinavyoelekea chini, kama njugu zinazoning'inia. Tulikuwa tumemponda, au tumemdondosha kwenye nyasi. Hatujui mkono wa nani, na kwa wiki kadhaa kila mmoja alikuwa na hakika kwamba si wake.

Hapa inafaa tuseme kidogo juu ya huyu malkia. Ulaya ilimwita mfalme kwa karne nyingi, hadi watu kama Charles Butler, kasisi wa kijiji huko Hampshire, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1609 akisisitiza kwamba milki ya nyuki ni ya wanawake. (Wasomaji wetu waliosoma chuoni watakumbuka kwamba katika Surat An-Nahl nyuki anasemeshwa kwa vitenzi vya kike, na hiyo ni karne kumi kabla ya kasisi huyo.) Lakini namna malkia anavyopata mimba haikueleweka vizuri mpaka alipotokea kipofu mmoja wa Geneva, François Huber, aliyezaliwa mwaka 1750. Macho yake yalianza kuzimika angali kijana. Alikuwa na mtumishi, François Burnens, na wawili hao walifanya kazi kwa njia ambayo sisi tunaiona ni ya ajabu hata leo: mmoja aliuliza, mwingine alitazama. Burnens aliwahi kumkagua nyuki mmoja mmoja katika kundi zima kwa sababu bwana wake alitaka kuwa na hakika. Ndio walioonyesha kwamba malkia hapandwi ndani ya mzinga. Hutoka mara chache tu maishani mwake, akiwa kijana, akaruka juu, akakutana na madume angani, kisha hurudi na mbegu za kumtosha miaka. Barua za Huber zilichapishwa mwaka 1792.

Elimu hiyo, iliyopatikana kwa macho ya mtumishi, ndiyo iliyotuambia sasa tusubiri nini. Nyuki wakimpoteza malkia huchukua jana dogo la kawaida, ambalo lingekuwa kibarua, wakalilisha chakula cha kifalme na kulijengea chumba kikubwa. Malkia mpya hutoka siku ya 16 tangu yai litagwe. Halafu anahitaji siku kadhaa kukomaa, na jua, na hewa tulivu, ili aruke. Juni ile ilinyesha karibu kila siku.

Tukagombana. Mmoja alitaka tununue malkia mwingine upesi kwa posta (naam, malkia husafirishwa kwa posta, ndani ya kijisanduku, na wahudumu wake watano au sita). Mwingine alisema fedha zimetosha, tuache, tupande viazi. Wa tatu alinyamaza, jambo lililokuwa baya zaidi. Tukaenda kwa Baba kama watoto wanaoshtakiana. Alitusikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: wakitoka asubuhi, wanarudi na chavua miguuni? Tukasema wanarudi nayo, kidogo. "Basi wenyewe hawajakata tamaa. Fungeni, mtoke hapo."

Tukafunga, tukakaa mbali wiki tatu. Ndipo tulipopata wasaa wa kusoma habari ambayo kwetu ilikuwa mpya kabisa, ingawa wafugaji wa hapa wanaijua kama sisi tunavyojua habari za njaa za zamani.

Mwaka 1904, katika kisiwa cha Wight kusini mwa Uingereza, nyuki walianza kutambaa chini mbele ya mizinga yao, hawawezi kuruka, wakafa kwa maelfu. Ugonjwa ukavuka bahari, na katika miaka kama 15 ukawa umefuta sehemu kubwa ya nyuki weusi wa asili wa nchi hii. Chanzo chake kilibishaniwa: wengine walitaja kijidudu cha kwenye mirija ya kupumulia ya nyuki kilichogunduliwa baadaye, wengine virusi. Katika nyumba ya watawa ya Buckfast, Devon, makundi 30 kati ya 46 yaliteketea. Yaliyobaki yalikuwa na damu ya nyuki wa Italia. Aliyekuwa akijifunza kazi pale alikuwa kijana wa Kijerumani aliyeletwa akiwa na miaka 11, jina lake la kitawa Adam. Bradha Adam alitumia maisha yake yote akitafuta nyuki duniani na kuwachanganya, ili apate nyuki mpole, mwenye bidii, asiyeugua upesi. Alizunguka Ulaya, Mashariki ya Kati na Afrika ya Kaskazini.

Na mwaka 1987, ndugu msomaji, akiwa na umri wa miaka 89, alikwenda Kilimanjaro. Alikuwa amesikia habari za nyuki weusi wa milimani, ambao Francis Smith, mtaalamu wa nyuki aliyefanya kazi Tanganyika, aliwaandika kisayansi mwaka 1961 pamoja na wale wa pwani yetu. Nyuki wa milimani wanavumilia baridi na ni wapole kuliko ndugu zao wa nyanda za chini. Mzee yule miguu haikumwezesha, akabebwa mgongoni kupanda msituni. Alifariki mwaka 1996, akiwa na miaka 98.

Tulimsimulia Baba. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kabebwa mgongoni kwenda kutazama nyuki? Basi huyo alikuwa mrina asali, tusimdharau." Tangu siku hiyo aliacha kusema "masanduku yenu" akaanza kusema "mzinga".

Safari nyingine ya nyuki wetu haikwenda kwa upole namna hiyo. Mwaka 1956 mtaalamu wa Kibrazil, Warwick Kerr, alichukua malkia kutoka Afrika Kusini na Tanganyika. Nyuki wa Kizungu waliopelekwa Brazil hawakustawi kwenye joto, na yeye alitaka kuzalisha nyuki wa kufaa tropiki. Mwaka 1957, karibu na Rio Claro, makundi 26 yalitoroka na malkia wao. Wakazaana na nyuki waliokuwapo, wakaenea bara zima, mwaka 1990 wakafika Texas. Njiani magazeti yaliwapa jina la nyuki wauaji, na zikatengenezwa filamu za kutisha. Ni kweli waliua watu na mifugo. Nyuki wa Afrika huulinda mzinga wake kwa ukali, kwa sababu karne zote amekuwa akivamiwa na nyegere na binadamu. Lakini Wabrazil walijifunza. Walivaa mavazi mazito, wakahamisha mizinga mbali na nyumba, na leo karibu asali yote ya Brazil inatokana na nyuki hao. Hao Wamarekani nao, waliokuwa wakilalamika juu ya nyuki mgeni, nyuki wao wa asali wenyewe waliletwa kwa meli kutoka Uingereza, Virginia, mwaka 1622. Kabla ya hapo bara hilo halikuwa nao.

Turudi kwetu. Wiki ya kwanza ya Julai tulifungua mzinga, wawili tu safari hii, hakuna picha. Fremu ya tatu, tukiipa jua kwa nyuma, tuliona chini ya vyumba vitu vyeupe, vyembamba kama vipande vya uzi, kimoja kwa kila chumba, vimesimama. Mayai. Malkia mwenyewe hatukumwona wala hatukumtafuta.

Asali hatukupata. Tunalisema wazi kwa kuwa kuna ndugu waliokwisha kuleta chupa. Kibarua huchukua siku 21 toka yai hadi kutoka chumbani, na wakati wa kiangazi huishi kama wiki sita tu, hivyo pengo la mwezi mzima bila mayai lililipunguza kundi hadi likawa dogo wakati maua yalipokuwa yakimwaga mbochi mjini kote. Agosti wakaja nyigu kuiba. Tuliziba mlango ukabaki upana wa kidole, walinzi wakaweza kujitetea. Kisha tukahesabu varoa, yule mdudu mwekundu wa kiasi cha kichwa cha pini anayemganda nyuki kama kupe. Asili yake ni nyuki wa Asia, aliingia Uingereza mwaka 1992, na mwaka 2009 watafiti walimkuta Kenya na Tanzania pia, ingawa huko nyuki wanaelekea kumstahimili vizuri zaidi. Huku asipotibiwa anamaliza kundi. Tukatibu, tukawapa maji ya sukari mazito mwezi wa Septemba, kilo kwa kilo, mpaka muuza duka akatuuliza kama tunapika gongo.

Oktoba walifukuza madume, tukayakuta yametapakaa kwenye majani. Halafu kimya. Nyuki wa baridi haruki, wala halali. Hujikusanya wote bumba moja na kutetemesha misuli bila ya kuyatikisa mabawa, wakapeana joto kwa zamu.

Januari, baada ya siku nne za barafu, Baba alituomba tumpeleke. Hakuwahi kufika tangu Mei. Alikuwa akisema ataona asali kwanza. Alivaa makoti mawili na kofia ya sufi, akatembea polepole kati ya matuta yaliyoganda, tukawa tumemshika mkono kila upande. Mbele ya mzinga kulikuwa na nyuki watatu waliokufa juu ya theluji, naye akawatazama kwa muda. Akatuuliza kama ni ruhusa kugonga. Tukamwambia taratibu, mara moja.

Akainama, akavua kofia, akaweka sikio ubavuni mwa sanduku, akagonga kwa kifundo cha kidole. Alikaa hivyo mpaka tukaogopa atapata kichomi.

"Wapo," akasema, kisha akasogea ili nasi tusikilize.